Je, daktari wangu lazima aje mahakamani? Jibu kwa mama wa Mwaloni

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, nina miaka 41. Februari mwaka jana, saa moja na nusu usiku, nilikuwa abiria wa bodaboda nikitoka Igoma kuelekea mjini. Tulipokaribia Buzuruga gari dogo likatoka barabara ya pembeni, mkono wa kushoto, likatugonga. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika chini kidogo ya goti. Nikalazwa, kidonda kikasafishwa, nikafungwa hogo kungoja upasuaji. Fedha zikakata. Nikaenda kwa mzee mmoja anayeunga mifupa, nikakaa kwake wiki tatu, ndipo ndugu wakachanga nikarudi hospitali kuwekewa chuma. Sasa goti halikunji vizuri. Dereva anasema bodaboda ndiye aliyemvaa, tena hakuwa na taa. Kampuni ya bima inasema daktari wao amenipima na ulemavu wangu ni asilimia 10, kwamba sikuvaa helmeti, na kwamba mengine nimejiletea mwenyewe kwa mganga. Wananipa kiasi kidogo nitie saini tumalize. Wakili wangu anataka daktari aliyenitibu aje kutoa ushahidi. Kaka yangu anasema cheti cha hospitali kinatosha. Je, lazima daktari aje? Asilimia hizo zinapatikanaje? Na siku ya kesi niende na gongo?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole sana. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu ndani yake mna madai mazuri yanayoweza kuharibiwa na mambo madogo. Mimi ni daktari wa mifupa. Nimetibu watu wa Kanda ya Ziwa kwa zaidi ya miaka 20, na katika miaka hiyo nimeitwa mahakamani mara nyingi kueleza majeraha ya waliogongwa wakiwa juu ya pikipiki. Ya sheria nitakueleza kwa kadiri shahidi anavyoyajua, na wakili wako atasahihisha. Ya mguu wako nitayasema kwa kirefu.

Ndiyo, daktari aje. Kaka yako hajakosea sana, maana cheti na PF3, ile fomu ya polisi ya kupatia matibabu, ni karatasi za lazima, na bila hizo hata daktari hana pa kuanzia. Lakini karatasi haiulizwi ikajibu. Cheti chako cha kutoka wodini, kama vilivyo vingi, kitakuwa na mistari minne au mitano ya Kiingereza: mfupa uliovunjika, siku ulizolazwa, dawa, tarehe ya kurudi kliniki. Hakisemi kwa nini mwanamke aliyevunjika mwaka jana leo hawezi kuchuchumaa kuanika na kuanua dagaa. Hakisemi goti hilo litakuwaje miaka kumi ijayo. Wakili wa upande wa pili akisimama na kusema mfupa umeshaunga na chuma kimekaa vizuri, cheti kitanyamaza kimya.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, inamtaka shahidi wa kawaida aseme aliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Maoni yake abaki nayo. Kwa mtaalamu ndipo inapofungua mlango. Kifungu hicho mawakili wamekizoea kwa namba 47: panapohitajika sayansi au fani maalumu, mahakama inapokea maoni ya mtu mwenye ujuzi, uzoefu au mafunzo ya jambo hilo. Mlango huo una kizingiti. Mtaalamu aeleze sababu zake. Hakimu hafungwi na maoni ya daktari yeyote, hata awe bingwa wa wapi. Anayapima pamoja na ushahidi mwingine na anaweza kuyaweka kando. Nimewahi kumwona daktari mwenye shahada tatu akitamka kizimbani "ulemavu wa kudumu wa asilimia 40", na alipoulizwa amezipataje akajibu, "Kwa uzoefu wangu." Hukumu ilipotoka asilimia zile hazikuwa na uzito wowote. Nimemwona pia tabibu wa kituo cha afya, kijana, aliyempokea majeruhi usiku wa ajali. Alieleza kwa Kiswahili chepesi kidonda kilikuwa na urefu gani, mchanga uliokuwamo, na ncha ya mfupa iliyokuwa ikichungulia. Maelezo yake ndiyo yaliyoibeba kesi.

Ndiyo maana nasema aitwe aliyekutibu. Yeye ni shahidi wa aina mbili kwa mpigo: aliona kwa macho, na anajua maana ya alichokiona. Daktari wa bima si mtu mbaya kwa kuwa ametumwa na bima. Nami nimewahi kufanya kazi hiyo, na daktari mwaminifu hutoa jibu lilelile bila kujali nani amelipa nauli. Ila ana udhaifu mmoja: amekuona mara moja tu, baada ya yote kutokea. Wakili wako amuulize bila ukali. Alikupima siku gani, na kwa dakika ngapi? Aliziona picha zako za X-ray zote au ya mwisho tu? Alipima goti kwa kifaa au kwa jicho? Alikuuliza unafanya kazi gani? Majibu ya maswali hayo yatamwonyesha hakimu kama ile asilimia 10 ina mizizi.

Sasa nikuonyeshe daktari anachofanya kizimbani, kwa sababu wagonjwa wengi wanadhani anakuja kusoma cheti kwa sauti. Vyumba vingi vya mahakama havina ubao wenye taa wa kutazamia picha. Katika kesi moja iliyofanana na yako nilimwomba Mheshimiwa Hakimu ruhusa, nikaenda dirishani nikaiinua picha kwenye mwanga wa jua. Akasogea. Mawakili wote wawili wakasogea. Nikaweka ncha ya kalamu kwenye kichwa cha muundi, pale mfupa unapopanuka kulibeba goti, nikasema: "Huu mstari mweusi ni ufa. Ungeishia hapa chini, tungekuwa na mguu uliovunjika na kupona. Lakini tazameni, umepanda hadi kwenye uso wa kiungo, na upande huu uso umezama kama lami iliyotitia." Wakili wa bima akauliza umezama kiasi gani. Milimita nne. Akasema milimita nne ni kitu kidogo. Nikamwambia avae kiatu chenye kokoto ya milimita nne atembee hadi Nyegezi. Hakimu aliandika kwa muda mrefu.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, ila ripoti za hospitali bado ni za Kiingereza. Daktari asiyejiandaa atasimama na maneno ya Kilatini ambayo hata karani hajui kuyaandika. Mwombe wa kwako ajiandae kuyasema kwa Kiswahili: muundi, gegedu (utando laini unaokinga ncha za mifupa kwenye kiungo), uso wa kiungo, kovu la ndani.

Kabla ya siku hiyo, wewe na wakili wako kaeni na karatasi zote mezani mkague jambo moja: mguu wa kushoto uwe wa kushoto kila mahali. PF3, faili la hospitali, maandishi yaliyo juu ya picha, ripoti ya upasuaji, hati ya madai. Nasema hivi kwa uchungu. Nikiwa kijana kazini niliandika ripoti ya kijana wa bodaboda, nikaandika "kulia" mahali pamoja badala ya "kushoto". Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Wakili wa upande wa pili alinishikilia kwa neno hilo moja kwa muda ulioonekana mrefu kama adhuhuri ya jua, akiniuliza ni wapi kwingine nilikosea. Sikuwa nimekosea kwingine, lakini tangu dakika ile kila nililosema lilikuwa na kivuli. Kijana yule alipata fidia, ila chini ya alichostahili, na sehemu ya pengo hilo naihesabu kuwa yangu.

Tuje kwa dereva anayesema bodaboda ndiye aliyemvaa. Hapa mguu wako una la kusema. Kwa maelezo yako gari lilitoka kushoto, na mguu uliovunjika ni wa kushoto. Sehemu ya mbele ya gari dogo inakuja sawasawa na muundi na goti la abiria aliyekaa kwenye pikipiki. Gari likimpiga kwa ubavu, goti husukumwa kwa ndani na kichwa cha muundi hupasuka. Mivunjiko ya namna hii madaktari wameihusisha na bampa za magari tangu miaka ya 1920. Kama pikipiki ndiyo iliyolivaa gari kwa mbele, abiria kwa kawaida hurushwa mbele, na tunatarajia kuona zaidi viganja, mabega, uso, kichwa. Kwa hiyo mwulize daktari wako kidonda kilikuwa upande wa nje wa mguu au wa ndani, na kama kiliandikwa hivyo usiku ule. Kikiwa cha nje, upande lilikotoka gari, anaweza kusema jeraha linaendana na kugongwa ubavuni. Neno ni hilo, "linaendana". Asiseme "ndivyo ilivyotokea", kwa kuwa hakuwapo. Daktari anayeruka mpaka huo na kuanza kumhukumu dereva anajivunjia heshima, na heshima yake ndiyo mali yako siku ile.

Kuna neno jingine linalowaponza madaktari wenzangu. Wakili huuliza: "Una uhakika wa asilimia mia kwamba maumivu haya yametokana na ajali?" Daktari mwaminifu hujibu hapana, maana katika tiba uhakika wa asilimia mia ni nadra, na jibu hilo husikika kama amekana kila kitu. Shauri lako ni la madai, si la jinai. Hapo kinachotafutwa ni upande wenye uwezekano mkubwa zaidi. Jibu la kweli na kamili ni: "Uhakika wa asilimia mia sina. Kwa uwezekano mkubwa ndiyo, na sababu zangu ni hizi." Wakili wako amweleze daktari kipimo hicho mapema. Hiyo si kumfundisha la kusema. Ni kumweleza mahakama inauliza nini.

Asilimia. Hapa ndipo watu wengi wa kwetu wanapopotezwa, na wengine wanajipoteza wenyewe kwa kumtafuta daktari wa kuwapandishia namba. Asilimia ya ulemavu ni kipimo cha kiungo: goti limepoteza kiasi gani cha kazi yake likilinganishwa na goti zima. Haisemi mtu amepoteza kiasi gani cha maisha yake. Kidole kimoja cha fundi cherehani na kidole hichohicho cha mlinzi wa geti vina asilimia ileile kwenye jedwali, lakini mikononi mwa wenyewe ni hasara mbili tofauti kabisa.

Kwa goti lako ningefanya hivi. Ningekulaza kitandani, nikachukua kipima pembe, kile cha plastiki chenye mikono miwili, kitovu chake nikakiweka ubavuni mwa goti, mkono mmoja ukafuata paja na mwingine muundi, kisha nikakuambia ukunje mwenyewe hadi mwisho. Nasoma nyuzi, naandika. Halafu mguu wa kulia vivyo hivyo, kwa sababu mguu wako mzima ndio kipimo cha haki cha mguu wako mbovu. Goti zima hukunja nyuzi 135 au zaidi. Kutembea mahali tambarare kunataka nyuzi 60 au 70 tu. Ngazi zinataka kama 90. Kuchuchumaa hadi chini kunazidi 120. Tuseme lako linaishia 90. Utaingia kwenye ofisi ya daktari wa bima ukitembea vizuri, utakaa kwenye kiti chake vizuri, utaondoka vizuri, naye ataandika 10. Hakukuona ukijaribu kuinama juu ya dagaa walioanikwa chini. Hakukuona chooni nyumbani kwako, kama choo chenu ni cha kuchuchumaa. Hakukuona mbele ya mkwe wako, ukishindwa kupiga goti kumsalimu kama desturi inavyotaka.

Ningepima pia urefu wa miguu yote miwili kwa utepe, kutoka mfupa wa nyonga hadi kifundo, na unene wa mapaja, kwa sababu paja la mguu usiotumika hunywea na utepe haudanganyi. Ningetazama picha mpya kuona kama uso wa kiungo umelingana. Usiolingana unasaga gegedu mwaka hadi mwaka, na ndipo daktari anapoweza kuieleza mahakama kesho yako: maumivu yatakayoongezeka, huenda chuma kutolewa, huenda goti lenyewe kubadilishwa. Gharama za mbele nazo zina nafasi mahakamani, lakini lazima mtu azitaje kwa sababu, na mtu huyo ni mtaalamu.

Wakati wa kupima nao una maana. Ulemavu wa kudumu haupimwi mguu ungali unabadilika. Unapimwa pale ambapo miezi inapita na mazoezi yanafanyika lakini nyuzi haziongezeki. Mwulize yule daktari wa bima alikupima mwezi wa ngapi baada ya upasuaji. Kama ni wa tatu au wa nne, alipima safari ikiwa njiani.

Na yule mzee wa kuunga mifupa? Usimfiche. Nakusihi. Nimeshuhudia mdai akiulizwa, "Ulienda kwa mganga?" akakana kwa kuona aibu, kisha likasomwa andiko la daktari wake mwenyewe lililosema amerudi akiwa na majani na vijiti vimefungwa mguuni. Alikuwa mkweli katika yote mengine, lakini hakuaminiwa tena. Sema ulienda, sema kwa nini, na lete ankara zinazoonyesha fedha zilikatia wapi. Daktari wako ataulizwa kama wiki tatu zile zilidhuru, na akiwa mkweli atasema huenda ziliongeza ugumu wa goti, kwa sababu mfupa unaochelewa kurekebishwa huanza kuunga vibaya. Ila ataongeza lililo kubwa: ufa ulioingia ndani ya kiungo haukuletwa na mzee yule. Shahidi wa hilo ni picha ya X-ray ya usiku wa ajali, iliyopigwa kabla mkono wake haujakugusa. Itafute picha hiyo leo. Iweke mahali pakavu, isikunjwe, isikae juani. Kama ilipigwa kwa mfumo wa kompyuta, omba hospitali ikutolee nakala mapema. Kati ya karatasi zako zote, hiyo ndiyo ningekimbia nayo nyumba ikiwaka moto.

Helmeti ni jambo fupi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ningetamani kila abiria wa Mwanza aijue namba hiyo kabla ya kupanda. Lakini helmeti haikingi muundi. Daktari aulizwe swali moja tu: kama mama huyu angevaa helmeti, je, mguu usingevunjika? Mguu ungevunjika vilevile, na hoja ya kukupunguzia fidia ya mguu kwa sababu ya kichwa kisichoumia inabaki bila pa kushika.

Taa haimhusu daktari, na hapa nakuomba uharakishe. Kama pikipiki ile bado ipo kwa mwenyewe na haijatengenezwa, taa yake ya mbele isiguswe. Pikipiki nyingi za bodaboda zina balbu zenye uzi ndani. Uzi ukiwa unawaka huwa laini kwa joto, hivyo kishindo kikiupata huvutika na kupinda vibaya. Uliozimwa, ukiwa baridi, hukatika tu au hubaki ulivyo. Kioo kikipasuka taa ikiwa inawaka, uzi huungua kwa hewa na kuacha ungaunga mweupe au wa manjano. Mkaguzi wa vyombo vya moto au fundi mwenye ujuzi huo akiiona balbu anaweza kusema taa ilikuwa inawaka au la, na maneno ya dereva yakapata mpinzani. Piga picha pikipiki nzima kwanza, andika nani ameitunza na wapi tangu siku ile, halafu mwache mkaguzi aitoe mwenyewe. Ukiitoa wewe ukaipeleka mkononi, swali la kwanza litakuwa imetoka pikipiki gani. Kama taa ni ya LED, njia hii haifanyi kazi.

Mwombe wakili wako pia apate ramani ya ajali iliyochorwa na askari wa usalama barabarani, pamoja na ripoti ya ukaguzi wa vyombo vyote viwili. Siku moja, nilipomaliza ushahidi wangu katika kesi nyingine, nilikaa viti vya nyuma nikamsikiliza mhandisi. Askari alikuwa amepima alama za breki: mita 22 juu ya lami kavu. Dereva alisema alikuwa kwenye 40. Mhandisi akaeleza kwamba msuguano wa tairi na lami kavu huwa kati ya 0.6 na 0.8. Akitumia 0.6, gari lilianza kufunga breki likiwa kwenye kilomita 58 kwa saa, akitumia 0.8, kilomita 67. Na hapo hajahesabu mwendo uliokuwa umebaki gari lilipogonga. Barabara ile ilipita katikati ya makazi, ukomo 50. "Nimempendelea dereva katika kila hesabu," alisema, "na bado hashuki hadi 40." Sikuwahi kuisahau sentensi hiyo, maana ndivyo mtaalamu anavyopaswa kufikiri: achukue kipimo kinachomfaa mpinzani, aone kama maoni yake bado yanasimama. Lakini kama si yule askari kupima mita zile kabla mvua haijanyesha, mhandisi angekuja na kikokotoo kitupu.

Kuhusu kipato chako, huhitaji profesa. Unahitaji mtu wa kuieleza mahakama kwamba biashara ya dagaa inakwenda na mwezi. Hakimu akiona daftari lako lina mauzo makubwa wiki mbili kisha siku kumi za ukimya, anaweza kudhani unaficha au unabuni. Kiongozi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia mwalo, au afisa uvuvi ataeleza kuwa dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikitoka mitumbwi hupumzika, kwa hiyo kipato chako kipigiwe hesabu kwa giza zima na mwanga wake, wala si kwa siku. Lete daftari, risiti za ushuru wa mwalo, taarifa ya miamala ya simu ya miezi kabla na baada ya ajali. Nauli za kliniki, dawa, malipo ya upasuaji, kila kimoja kiandikwe kwenye hati ya madai na kiwe na risiti yake. Hasara za aina hiyo mahakama haizikisii. Fidia ya maumivu na ya kupoteza uwezo ndiyo iliyo kwenye busara ya hakimu, na hapo ushahidi wa daktari ndio unaoiongoza.

Usitie saini karatasi ya bima kabla ya daktari wako kukamilisha kipimo cha mwisho. Karatasi hiyo kwa kawaida inasema umelipwa yote na huna dai tena, na goti likikuzidia baadaye hutapata wa kumrudia. Muda unao, ila si wa kuchezea: madai ya uzembe wa namna hii hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu ajali, na bima nayo inatakiwa kupewa taarifa ya shauri kwa utaratibu wake, jambo ambalo wakili asilichelewe.

Daktari aitwe kwa samansi ya mahakama, si kwa kuombwa kwenye korido. Samansi humpa ruhusa kwa mwajiri wake na humwondolea lawama ya kuonekana ameegemea upande. Akiwa amehamishwa mkoa mwingine, tangu 2021 zipo kanuni za kutoa ushahidi kwa njia ya video. Mlipe nauli na muda wake kwa stakabadhi. Msimwahidi hata shilingi inayotegemea ushindi. Akiulizwa hilo kizimbani, na ataulizwa, jibu lake litawaangusha wote.

Swali lako la gongo. Kama unatembea nalo kila siku, njoo nalo. Kama unalitumia jioni tu goti likivimba, liache nyumbani, na ukiulizwa sema hivyohivyo: asubuhi natembea, jioni nashika gongo, Mwaloni siwezi kuchuchumaa. Daktari wako atakuwa ameandika uvimbe wa jioni kama ulimweleza kliniki. Kama hukumweleza, mweleze safari ijayo, na uombe miadi ya mchana badala ya asubuhi ili auone mwenyewe na aupime kwa utepe.